Linux Ikigoma Kuwaka au Kuzimika: Mwongozo Kamili wa Kuihoji systemd

Umewasha kompyuta. Nembo imepita, skrini imekuwa nyeusi, na chini kushoto vimetokea vinyota vyekundu ndani ya mabano, vinakwenda na kurudi kama mtu anayesubiri simu ya mkwe. Pembeni yake kuna maneno haya:

`[*   ] A start job is running for /dev/disk/by-uuid/3f1c2a70-... (41s / 1min 30s)`

Sekunde zinahesabika mbele ya macho yako. Zikitimia tisini, ama mashine inawaka kana kwamba hakuna lililotokea, ama inakutupa kwenye skrini ya maandishi inayodai nywila ya root, yaani mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote ya mfumo. Kesho asubuhi ni yaleyale.

Vinyota hivyo nimegombana navyo miaka mingi, na systemd, programu inayoamsha na kuzima kila kitu kwenye Linux, nimeitukana kwa lugha zote ninazozijua. Baadaye nikagundua kwamba mara nyingi nilikuwa namtukana mjumbe, na wahenga walishasema hauawi. Karibu kila mara systemd inapoonekana imekwama, kuna kitu iliambiwa ikisubiri, na agizo hilo limeandikwa kwenye faili fulani ndani ya mashine yako. Ukilipata faili, kazi iliyobaki ni ya dakika tano.

Amri za hapa zinafaa Debian, Ubuntu, Linux Mint na ndugu zao. Fedora na Arch hazitofautiani sana, panapotofautiana nitasema.

Huyu systemd ni nani, na ugomvi umetoka wapi

Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikishajipakia huanzisha programu moja tu, yenye namba 1, na hiyo ndiyo huamsha nyingine zote: diski, mtandao, sauti, dirisha la kuingilia. Zamani kazi hiyo ilifanywa na init ya mtindo wa System V, yaani rundo la skripti za sheli ndani ya `/etc/init.d`, zikifuatana moja baada ya nyingine kama foleni ya daladala. Ubuntu wakajaribu Upstart mwaka 2006. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaja na systemd, inayoamsha huduma nyingi kwa pamoja. Fedora 15 ikaipokea Mei 2011. Debian walivutana hadi Februari 2014, kura za kamati yao ya ufundi zikagawanyika, na mwenyekiti Bdale Garbee akaamua kwa kura yake ya uamuzi. Ubuntu nao wakaiacha Upstart kuanzia toleo la 15.04, Aprili 2015. Waliokataa katakata wakajitenga Novemba 2014 na kuanzisha Devuan.

Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Kumbukumbu za mfumo ziliacha kuwa maandishi ya kawaida, hivyo huwezi kuzisoma kwa `cat` au `less`. Kadi ya mtandao iliyoitwa `eth0` ikaamka siku moja inaitwa `enp3s0`. Mwaka 2016 toleo la 230 likaja na mpangilio wa kuua kila programu ya mtumiaji anapotoka, hata `tmux` na `screen` ambazo kazi yake ni kubaki hai umetoka. Wasambazaji kama Debian wakaurudisha nyuma. Na kazi zilizokuwa na wenyewe, kuanzia majina ya intaneti hadi saa, zikaingia mwavuli mmoja. Mtu akikuambia programu hii imekula nyumba nzima, ana hoja. Lakini hoja haitakuwashia laptopu asubuhi, basi tuanze.

Kwanza, iache iseme

Matoleo mengi yanaficha maneno ya kuwaka nyuma ya nembo. Ondoa pazia. Washa upya, na mara tu skrini inapowaka gonga Esc, au shikilia Shift kwenye mashine za zamani zisizo na UEFI, mpaka menyu ya GRUB, programu inayoipakia Linux, itokee. Simama kwenye mstari wa kwanza, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake na ufute maneno `quiet splash`. Kisha Ctrl+X au F10.

Mabadiliko haya ni ya mara moja tu. Ukiwasha tena yamefutika, kwa hiyo usiogope kuharibu. Tahadhari moja: ndani ya GRUB kibodi kwa kawaida ni ya Kimarekani. Mwenye kibodi ya Kifaransa ataandika herufi moja ipate kutokea nyingine, halafu alaumu kompyuta.

Sasa utaona mistari yenye OK ya kijani na FAILED nyekundu. Piga picha kwa simu. Mistari inapita haraka kuliko kalamu.

Pima, lakini usiamini kipimo kimoja

Mashine ikiwaka, hata kwa kuchelewa, fungua terminali:

`systemd-analyze`

Utapata kitu cha namna hii:

`Startup finished in 3.112s (firmware) + 2.405s (loader) + 4.031s (kernel) + 1min 37.520s (userspace) = 1min 47.068s`

Namba ya kwanza ni ya bodi yenyewe, ya pili ni GRUB, ya tatu kerneli, ya nne ndiyo systemd na wanaye. Kama namba ya kwanza ndiyo kubwa, funga mwongozo huu uingie kwenye mipangilio ya BIOS, maana Linux haijafika hapo. Kama ya nne ndiyo inayotisha, endelea:

`systemd-analyze blame`

`systemd-analyze critical-chain`

Amri ya kwanza inapanga huduma kuanzia iliyochukua muda mrefu. Wengi huishia hapo, wanaona `plymouth-quit-wait.service` iko juu, wanaizima, na hakuna kinachobadilika. Hiyo kazi yake ni kungoja wengine wamalize. Kuilaumu ni kumlaumu mlinzi wa geti kwa sababu wageni wamechelewa. Vilevile huduma zinakwenda sambamba, kwa hiyo inayotumia sekunde 20 pembeni inaweza isikucheleweshe hata kidogo. Amri ya pili ndiyo yenye maana zaidi, kwa sababu inaonyesha mnyororo wa nani alimsubiri nani. Namba iliyo baada ya `@` ni wakati huduma ilipokuwa tayari, na iliyo baada ya `+` ni muda iliyotumia yenyewe. Tafuta mahali ambapo `@` inaruka ghafla, tuseme kutoka sekunde 3 hadi dakika moja na sekunde 33.

Kuna jambo lililonipotezea wikendi nzima: `blame` haimtaji asiyefika. Diski ikisubiriwa sekunde 90 na isitokee, haikuanza, na kwa kuwa haikuanza haina muda wa kuorodheshwa. Orodha itaonekana safi huku mashine inachelewa. Kwa hiyo uliza pia:

`journalctl -b | grep -i "timed out"`

Ukiona mstari wenye `.device` na maneno `start timed out`, umeshamkamata.

Diski isiyokuwepo

Hiki ndicho kisa ninachokutana nacho kuliko vyote, na cha kwanza kilikuwa cha kwangu mwenyewe. Nilikuwa na Debian kwenye laptopu ya mtumba, nikaweka toleo jingine la Linux pembeni yake ili nilijaribu. Kisakinishi kikaiona patisheni ya `swap`, kipande cha diski kinachoisaidia RAM ikijaa, kikaiformati upya bila kuuliza sana, nami nikabonyeza endelea. Toleo jipya likawaka vizuri. Nikirudi Debian: vinyota, dakika moja na nusu, kila siku.

Sababu ni hii. Faili `/etc/fstab` ndilo linaloorodhesha diski za kupachikwa, na kila diski inatajwa kwa namba ndefu iitwayo UUID. Patisheni ikiformatiwa inapata namba mpya. Debian yangu ilikuwa bado inamwita mtu aliyebadilisha jina, na systemd, kwa utiifu wake, ikawa inasimama mlangoni sekunde 90 kila asubuhi ikimngoja.

Tazama namba zilizopo kweli:

`lsblk -f`

Kisha fungua orodha:

`sudo nano /etc/fstab`

Linganisha mstari kwa mstari. Namba iliyomo kwenye `fstab` lakini haimo kwenye `lsblk` ndiyo mgonjwa wako. Ibandike namba mpya, au kama diski haipo tena weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari. Hifadhi, kisha:

`sudo systemctl daemon-reload`

`sudo findmnt --verify`

Amri ya kwanza ni muhimu kwa sababu systemd huligeuza `fstab` kuwa yuniti zake yenyewe, yaani faili zake za maagizo, na bila kuambiwa itaendelea na nakala ya zamani. Ya pili inakagua kama umeandika sawasawa. Afadhali ukosolewe nayo sasa kuliko kukosolewa na skrini nyeusi baadaye.

Kama mgonjwa alikuwa `swap`, kuna mahali pa pili ambapo watu wengi husahau. Debian na Ubuntu huweza kuandika namba ya `swap` kwenye `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, kwa ajili ya kuamka kutoka usingizi mzito. Ukiwa na namba ya zamani humo, utaona mashine inangoja hata kabla systemd haijaanza, na maneno `Gave up waiting for suspend/resume device`. Rekebisha namba, kisha `sudo update-initramfs -u`. Mimi nilirekebisha `fstab`, nikafurahi, nikawasha, nikakuta bado kuna ucheleweshaji wa nusu dakika. Lilikuwa faili hili.

Diski za nje ni habari nyingine. Kama una diski ya picha au ya kazi inayochomekwa na kuchomolewa, mstari wake uwe hivi:

`UUID=namba-yako /mnt/picha ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=5s 0 2`

Neno `nofail` linamaanisha: ikikosekana, songa mbele. Bila hilo, diski ya nje iliyosahaulika ofisini inatosha kuizuia kompyuta nzima isiwake nyumbani. Hapa ndipo ninapowaelewa wapinzani wa systemd. Init ya zamani ilikuwa ikilalamika kidogo kisha ikaendelea. Hii inakufungia nje.

Ukifungiwa nje kabisa

Diski isiyo na `nofail` ikikosekana, utaona `You are in emergency mode`. Ukiwa na nywila ya root, iandike, fungua `fstab`, rekebisha, washa upya. Rahisi.

Shida ni pale root ilipofungwa. Ndivyo ilivyo kwenye Debian ukiacha nafasi ya nywila ya root tupu wakati wa kusakinisha, na kwenye Fedora ya kawaida. Utaambiwa `Cannot open access to console, the root account is locked`, yaani dharura imetokea na funguo za mlango wa dharura ziko ndani. Ukibonyeza Enter inazunguka na kurudi palepale.

Kwenye Debian, rudi GRUB kama mwanzo, bonyeza `e`, na mwisho wa mstari wa `linux` ongeza:

`init=/bin/bash`

Ctrl+X. Safari hii kerneli haitaianzisha systemd kabisa. Itakupa sheli tupu. Diski kuu itakuwa ya kusomwa tu, kwa hiyo:

`mount -o remount,rw /`

`nano /etc/fstab`

`sync`

`reboot -f`

Usiruke `sync`. Bila systemd hakuna anayekusanya mambo nyuma yako, na ulichoandika kinaweza kubaki kwenye kumbukumbu ya muda kikapotea na umeme.

Kwenye Fedora kuna ulinzi wa SELinux unaofanya njia hii iwe na mitego, kwa hiyo waka kwa flashi ya kusakinishia, pachika diski kuu kutoka humo, na uhariri `fstab` yake. Flashi hiyo iwe nayo mtu yeyote anayetumia Linux, kama mwenye gari anavyokuwa na spea.

Mtandao unaosubiriwa bila sababu

`NetworkManager-wait-online.service` ikiwa juu kwenye mnyororo, inangoja mtandao upatikane ndipo wengine waendelee. Kwenye laptopu inayotumia waifai ya simu, ambayo bando lenyewe halijawashwa, itangoja mpaka ichoke. Angalia kwanza nani anaihitaji:

`systemctl list-dependencies --reverse network-online.target`

Kama hakuna folda za mtandaoni zinazopachikwa wakati wa kuwaka, izime bila wasiwasi:

`sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service`

Intaneti yako haitakatika. Itaunganishwa kimyakimya ukiwa umeshaingia. Kwenye seva ya ofisi usiiguse kabla ya kuuliza.

Ukiizima huduma fulani kwa `disable` kisha ukaikuta imeamka tena, kuna mwingine anayeiita. Hapo tumia `mask`, ambayo inaifunga kabisa hata ikiitwa. Amri ya `unmask` inairudisha. Ila usifunge kitu usichojua jina lake ni la kazi gani. Soma kwanza `systemctl status` yake. Kuna kijana aliniletea mashine isiyoonyesha dirisha la kuingilia, kumbe alifuata orodha ya huduma za kuzima aliyoikuta mahali, akazima na `systemd-logind`, inayosimamia kuingia kwa watumiaji.

Kuzima kunakochukua dakika moja na nusu

Hapa ujumbe ni `A stop job is running for...`, na hukupata wakati umeshafunga begi unakimbilia usafiri. systemd imeiomba programu ifunge kwa adabu, programu haijibu, na muda wa kungoja ni sekunde 90 kwa mpangilio wa kawaida. Fedora wenyewe waliona ni mwingi, wakaupunguza hadi sekunde 45 kuanzia toleo la 38.

Ukiwa na haraka, bonyeza Ctrl+Alt+Del zaidi ya mara saba ndani ya sekunde mbili. Mashine itawasha upya papo hapo, bila kungoja programu yoyote. Usiifanye tabia.

Tiba yenyewe ni kumjua mkaidi. Ukiwasha tena:

`journalctl -b -1 | grep -iE "timed out|killing"`

Hiyo `-b -1` ni kumbukumbu za safari iliyopita. Mara nyingi utakuta ni programu moja ileile: ya kupakua, ya kontena, au folda ya mtandaoni ambayo mtandao wake umezimwa kabla yake. Isasishe, au uifunge kwa mkono kabla ya kuzima. Ukishindwa, punguza muda. Tengeneza faili `/etc/systemd/system.conf.d/muda.conf`, ukianza na folda yake kama haipo, na uandike:

`[Manager]`
`DefaultTimeoutStopSec=20s`

Ujumbe ukitaja `User Manager`, weka faili la namna hiyohiyo pia kwenye `/etc/systemd/user.conf.d/`. Mashine yenye hifadhidata ya duka au ya shule usiipunguzie hovyo. Wakati mwingine huo ukaidi ni data inaandikwa kwenye diski.

Kumbukumbu zisizosomeka, na zinazojaza diski

Amri `journalctl --list-boots` ikikuonyesha safari moja tu, kumbukumbu zako zinafutika kila ukizima. Tengeneza makazi yake kwa `sudo mkdir -p /var/log/journal`, uwashe upya. Kinyume chake ni diski ndogo iliyojaa. Kwa kawaida kumbukumbu zinaruhusiwa kufika asilimia 10 ya diski, zisizidi GB 4, na kwenye laptopu yenye GB 32 hiyo si senti ndogo. Pima kwa `journalctl --disk-usage`, punguza kwa:

`sudo journalctl --vacuum-size=200M`

Na kama umesakinisha Debian 12 upya halafu ukatafuta `/var/log/syslog` bila kuiona, hujaharibu kitu. Waliacha kuweka `rsyslog` kwenye usakinishaji wa kawaida. Isakinishe kwa `apt` na maandishi yako ya zamani yatarudi, yakiandikwa sambamba na ya systemd. Mimi ni miongoni mwa walioirudisha. Diski ikiwa imeharibika nusu, maandishi matupu unaweza kuyaokoa hata kwa vipande.

Ukiamua kuhama

Kuna watakaosoma yote haya na kusema: sitaki. Njia ipo. Anayetoka Debian atajisikia nyumbani Devuan, kwa kuwa ni Debian ileile yenye init nyingine. Void Linux inatumia runit, Alpine na Gentoo zina OpenRC. Kabla hujahama angalia unatumia dawati gani, yaani mazingira ya madirisha na menyu. GNOME imeegemea sana sehemu za systemd na huko nje inaishi kwa msaada wa `elogind`, kipande cha systemd kilichotolewa kijitegemee. Xfce haina makuu.

Usibadilishe init ndani ya mfumo unaoutegemea kwa kazi. Chukua flashi, jaribu wiki moja, uone kama waifai, sauti na kufunga kifuniko vinakwenda. Kwenye Void, kwa mfano, kuanzisha huduma ni kuunganisha folda tu:

`sudo ln -s /etc/sv/sshd /var/service/`

Kuiondoa ni kufuta kiungo hicho. Mara ya kwanza nilipoifanya nilikaa nikingoja ujumbe wowote utokee kwenye terminali. Haukutokea. Huduma ilikuwa inafanya kazi tayari. Lakini `fstab` yangu ilikuwa na namba ya diski ya zamani, na runit nayo ikalalamika.